Mkutano wa Saa Nne na Maji ya Bamvua

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Namba 7 ya mwaka 1982, haikutofautisha kijiji cha mlimani na kijiji cha kisiwani. Kijiji kilichoko katika nyanda za Mbeya na kijiji kilichozungukwa na bahari kule Mafia vyote vimepewa Mkutano Mkuu wa wakazi wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Vyote vimepewa Halmashauri ya Kijiji yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Na vyote vinatakiwa kuitisha Mkutano Mkuu walau mara moja kila miezi mitatu. Usawa huo ni jambo la kushukuru. Lakini sheria haikutaja siku wala saa ya mkutano. Hayo yameachwa kwa viongozi, na hapo ndipo, kwa maoni yetu, shughuli nyingi za vijiji vya visiwani zinapoanza kwenda kombo.

Saa yenyewe kila mtu anaijua. Ni saa nne asubuhi. Barua ya mwito ikitoka wilayani huandikwa saa nne. Tangazo likibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji huandikwa saa nne. Bara saa hiyo ina maana yake: mtu amekwisha kupata chai, jua halijawa kali, na mgeni aliyetoka makao makuu ya wilaya amekwisha kufika. Basi ikawa saa nne imekuwa kama sehemu ya sheria, ingawa hakuna Bunge lililoipitisha.

Sasa tutazame bahari. Katika mwambao wetu, wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na siku za mwezi mpevu, maji hujaa kabisa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, mambo hugeuka: asubuhi ya saa nne maji huwa yamejaa, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake, mpaka mzunguko ukamilike. Hii si siri ya wataalamu. Mtoto aliyesoma chuoni, anayehesabu mwezi kwa kuutazama na si kwa kalenda ya ukutani, anaweza kukwambia leo ni mwezi ngapi, na bibi yake atakwambia maji yatakauka saa ngapi.

Maana yake ni hii. Mkutano Mkuu wa Kijiji ukiitwa saa nne asubuhi katika siku za bamvua, umeitwa wakati uleule mwamba unapokuwa wazi. Wakati huo wanawake wa kisiwani hawako nyumbani. Wako mwambani, kila mmoja na mchokoo wake, wakitafuta pweza katika matundu, wakiokota kombe, na saa zao zimehesabiwa, kwani maji yakianza kurudi hayamngoji mtu amalize. Siku hizo chache za bamvua ndizo zinazolipa deni la dukani na kununua daftari la mtoto. Kumtaka mwanamke huyo aache mwamba ukiwa mkavu aje asikilize taarifa ya maendeleo ni sawa na kumtaka mkulima aache mbegu mkononi siku ya mvua ya kwanza. Wanaume nao, wenye mitego na madema ya kuangalia, wengi hawapo. Wanaobaki ni wazee, wenye maduka, walimu, vijana wasiokuwa na chombo, na viongozi wenyewe.

Mkutano huo hufunguliwa. Maazimio hupitishwa. Muhtasari huandikwa na kugongwa mhuri.

Ndugu msomaji anaweza kusema kwamba hili ni jambo dogo la ratiba. Si dogo, na sababu yake imo katika madaraka yenyewe ya mkutano huo. Katika kijiji cha Tanzania Bara, Mkutano Mkuu si hadhara ya kupokea maelekezo. Ndio mamlaka ya juu kabisa katika mambo yote ya sera ya kijiji. Ndio unaomchagua Mwenyekiti na wajumbe wa Halmashauri, na unaweza kuwaondoa. Mbele yake ndiko husomwa mapato na matumizi. Halmashauri ya Kijiji ikitaka kutunga sheria ndogo, ni lazima kwanza iitishe Mkutano Mkuu kusikia maoni ya wananchi, ndipo sheria hiyo ipelekwe kwa Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Na katika ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imesema wazi kwamba Halmashauri ya Kijiji haina ruhusa kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu iliyotangulia. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kwa manufaa ya umma, nayo haizidi hekta 250, Mkutano Mkuu ndio wenye kukubali au kukataa. Bara, hekta 250 ni pembe moja ya kijiji. Katika visiwa vidogo ni karibu kisiwa kizima.

Sasa tujiulize: ni nani waliokubali, ikiwa nusu ya kijiji ilikuwa majini?

Mafia inatupa somo katika jambo hili. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, Namba 29 ya mwaka 1994. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake nchini, yenye eneo la kilomita za mraba 822, na tofauti na mbuga nyingi za wanyama, watu hawakuhamishwa. Vijiji vilibaki ndani ya mipaka, vikiwamo vya visiwa vya Chole, Juani na Jibondo. Nia ilikuwa njema na haja ilikuwapo. Uvuvi wa baruti ulikuwa unaua mwamba, na wenyeji wenyewe walikuwa wamepiga kelele wapatiwe msaada wa kuuzuia. Lakini baruti ilipopungua ikaja zamu ya juya na nyavu nyingine, na hapo mvutano ukaanza. Jibondo ndiko mvutano huo ulikokuwa mkali kuliko kwingine. Jibondo ni kisiwa cha mawe ya matumbawe. Udongo wake ni haba, na kwa miaka mingi maji ya kunywa yalikuwa ya mvua au ya kuvushwa kwa vyombo kutoka kisiwa kikubwa. Mtu wa Jibondo hana shamba la kukimbilia akiambiwa aweke wavu chini. Bahari ndiyo shamba lake, ghala lake na akiba yake.

Yameandikwa mengi juu ya mvutano ule, na wengine wameona ni ukaidi wa wavuvi, wengine wameona ni ubabe wa watumishi. Sisi tunaona kwamba sehemu kubwa yake ilikuwa swali la kikao. Hifadhi ilihesabu kwamba vijiji vimeshirikishwa, kwa sababu mikutano ilifanyika na mihtasari ilikuwapo. Wavuvi wengi walihesabu kwamba hawakushirikishwa, kwa sababu kauli yao haikuonekana katika kilichoamuliwa. Kila upande ulikuwa na ushahidi wake. Karatasi inaweza kuwa sahihi kabisa na bado isimbane mtu yeyote moyoni, na doria ya boti haiwezi kulinda usiku na mchana azimio ambalo wenye mwamba hawalitambui.

Kuna jambo jingine la siku za karibuni ambalo linaonyesha upande wa pili, yaani faida ya kikao kilichokaa sawasawa. Ni kufunga mwamba kwa ajili ya pweza. Pweza wetu wa mwambani hukua kwa kasi ya ajabu na haishi muda mrefu. Umri wake ni mwaka mmoja na kitu tu, na jike likiisha kutaga hulinda mayai yake bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Kwa hiyo mwamba ukipumzishwa miezi miwili au mitatu, aliyekuwa mdogo asiyefaa sokoni huwa mkubwa wa kutosha. Wenzetu wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walianza kufanya hivyo mwaka 2004. Baadaye mtindo huo ukafika kwetu: Kisiwa Panza kule Pemba waliufunga mwamba wao, na Songosongo katika Wilaya ya Kilwa wakafanya vivyo hivyo. Serikali nayo imekwisha kuweka kanuni kwamba pweza aliye chini ya gramu 500 asivuliwe, kanuni ambayo hailindwi na mizani ya afisa bali na subira ya mwenye mchokoo.

Kufunga mwamba ni jambo rahisi kulieleza na gumu kulitenda. Siku ya kufunga, anayefungiwa kwa hakika ni nani? Mwenye mashua ataipeleka kwenye kina kingine. Mwenye nyavu atavua nje. Anayebaki bila kitu ni mwanamke anayekwenda kwa miguu, kwa kuwa mwamba wa karibu ndio pekee anaoufikia. Kisha siku ya kufungua, asipojihadhari, hukuta vijana wenye miwani ya kuzamia na wageni wenye vyombo wamewahi, na kwa siku mbili wamevuna kile alichokisubiri miezi mitatu. Mambo haya yote, mwamba upi ufungwe na upi uachwe wazi, nani aanze siku ya kufungua, mnunuzi gani apokewe na kwa bei gani, faini iwe kiasi gani na iende wapi, ni mambo ya Mkutano Mkuu hasa. Mwenye kuyajua ni yule mwanamke. Basi ikiwa azimio la kufunga mwamba limepitishwa saa nne asubuhi ya bamvua, maana yake ni kwamba mwamba umefungwa na watu waliokaa chini ya mwembe, wakati wanaoutegemea walikuwa juu ya mwamba huohuo wakichokoa, hawana habari. Tusishangae juma la pili tukiwakuta hapo.

Tumeona pia kwamba miezi mitatu ya kupumzisha mwamba ni kipindi kilekile ambacho sheria imeweka kati ya Mkutano Mkuu mmoja na mwingine. Kijiji chenye busara kinaweza kuvifunga vitu hivi viwili pamoja: mkutano mmoja wa kufunga, na unaofuata wa kufungua, ambapo hesabu ya faini, ushuru na zawadi ya walinzi inasomwa mbele ya wote kabla mtu hajaingia majini. Hesabu inayosomwa siku hiyo haitakosa wasikilizaji.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya watumishi wa Serikali, na tunalisema kwa heshima, kwani tunazijua shida zao. Afisa wa wilaya anayekwenda kisiwani hategemei utashi wake tu. Anategemea boti ya Halmashauri kama ni nzima, mafuta kama yametolewa, na upepo kama umeruhusu. Wakati wa kusi bahari huchafuka, na safari za majini si za kufanyiwa mzaha. Hatujasahau siku ya 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara katika Ziwa Viktoria, wakafa watu zaidi ya 220. Afisa akifika hutaka amalize aondoke maji yakiwa bado yanamruhusu. Lakini hapohapo ndipo penye ajabu. Siku za bamvua, boti yake ikifika asubuhi hukuta pwani imekauka; hushuka mbali, akavua viatu, akatembea katika tope na mawe na faili kichwani. Siku za maji mafu angekuta maji yamejaa saa nne, na boti ingekaribia nchi kavu. Kwa maneno mengine, siku inayomfaa mwanamke wa mwambani ndiyo siku inayomfaa afisa mwenye viatu. Majedwali ya kujaa na kupwa huchapishwa kila mwaka kwa ajili ya bandari ya Dar es Salaam, na nakala moja juu ya meza ya Ofisa Utumishi isingegharimu hata robo ya mafuta ya safari moja iliyokosa watu.

Yapo maneno ya kujibu. Wengine watasema hakuna siku moja inayowafaa wote, na hilo ni kweli. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hutoka usiku wa giza na hulala mchana. Hao hupumzika mwezi unapong'aa. Ndiyo maana kule Ukerewe na Ukara, ambako ziwa halina bamvua, siku nzuri ya kikao inaweza kuwa ileile ya mwezi mpevu ambayo Jibondo ni siku mbaya kuliko zote. Wapo pia wanaokwenda dago wakati wa kaskazi, wakakaa katika visiwa vya mbali majuma kadhaa, na hao hakuna maji mafu yatakayowarudisha. Kwao ni lazima jambo kubwa lisubiri msimu uishe. Na kule Zanzibar muundo ni mwingine kabisa: sheha huteuliwa, hachaguliwi na mkutano, ingawa kamati za wavuvi katika shehia hukabiliwa na maji yaleyale. Haya yote hayavunji hoja yetu, yanaitia nguvu. Kila kisiwa kina kalenda yake, na anayeijua ni mwenyeji. Kwa hiyo tarehe ya Mkutano Mkuu ipendekezwe na Halmashauri ya Kijiji, wilaya ijulishwe, badala ya wilaya kupanga na kijiji kuitikia.

Wengine watauliza kwa nini tusirudi kwenye desturi ya zamani. Wazee wanakumbuka kwamba chini ya Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975, Mwenyekiti wa tawi la Chama ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wa kijiji, na Katibu wa tawi ndiye Katibu wake. Mbiu ikilia, watu walikuja. Ni kweli walikuja, na moyo ule wa kushiriki tungependa kuuona tena. Lakini wazee haohao, ukikaa nao baada ya alasiri, watakwambia pia kwamba wengi walikuja kwa kuhofia kuonekana hawakuja, na kwamba kunyamaza kwao kulihesabiwa kuwa ni kukubali. Tangu mwaka 1992 vyama ni vingi, na mtu ana hiari ya kubaki mwambani. Kiongozi wa leo, wa chama chochote kile, hana budi kumpata kwa kumfuata katika wakati wake.

Hapa Ilomba tunakoandikia, ambapo ni kata ya Jiji la Mbeya na kwa hiyo ina mitaa wala haina vijiji, jambo hili linaweza kuonekana la mbali sana. Mkazi wa mtaa akikosa mkutano anaweza kupanda daladala kesho yake, akafika ofisi za Jiji, akauliza kilichoamuliwa. Lakini hata huku nyanda za juu hakuna mwenyekiti mwenye akili anayeitisha mkutano wa kijiji mvua za kwanza zinapoanguka na watu wote wako kwenye mahindi, wala siku ya gulio. Desturi hiyo hakuna aliyeiandika, na inafuatwa. Mkulima ameheshimiwa kwa msimu wake, nasi tunauliza tu kwa nini mvuvi, na hasa mvuvi mwanamke, asiheshimiwe kwa maji yake. Yeye akikosa mkutano hana daladala. Ana chombo cha kulipia nauli hadi Kilindoni, na siku nzima ya kupoteza, ili akaombe kusomewa muhtasari wa kijiji chake mwenyewe.

Juu ya huo muhtasari, nakala yake ibaki kijijini. Afisa Mtendaji ndiye Katibu wa Halmashauri ya Kijiji, na mara nyingi ni mgeni aliyeajiriwa na wilaya. Akihamishwa, kabati nalo huhama au ufunguo hupotea. Kisha anatokea mtu na karatasi yenye mhuri inayosema kwamba ufukwe fulani aligawiwa miaka sita iliyopita na Mkutano Mkuu, na kijiji hakina daftari la kumpinga wala la kumthibitisha. Daftari la mahudhurio lenye majina na sahihi au alama za dole gumba za waliokuwapo lingemaliza ubishi huo kwa dakika moja. Lingeonyesha pia, bila mtu kugombana na mtu, wanawake wangapi walikuwapo siku ile. Sheria inataka robo ya wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji wawe wanawake. Haitakuwa na faida ikiwa robo hiyo nayo iko mwambani.

Uchaguzi wa Serikali za Mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 uliweka wenyeviti, wapya na wa zamani, katika vijiji vyote, nao wana miaka mitano. Miaka mitano ni mikutano mikuu 20 ya kawaida kwa kila kijiji. Tunawaomba wenyeviti wa visiwani wafanye jambo moja kabla ya kutoa tangazo linalofuata: wapite jioni kwenye diko, wanawake wanapouza pweza wao, waulize maji mafu yanaangukia siku gani, na tarehe hiyo waiandike hapohapo. Tangazo libandikwe dikoni na dukani, lisiishie kwenye mlango wa ofisi, na liseme saa nne asubuhi, kama kawaida.